Nyuzi Sita za Shaba

Kila Jumamosi ya Septemba nyumba ya akina Senka ilinuka hoho za kuoka. Bibi Stamena alizipanga nyekundu tupu ndani ya oveni ya umeme, na zilipoiva alizifunika kwenye sufuria ili maganda yalainike. Kazi ya Senka ilikuwa kumenya. Chupa za ajvar, rojo la hoho la kupaka kwenye mkate, zilipaswa kuwatosha hadi majira ya baridi yaishe.

Jumamosi hiyo mama yake alikuwa zamu kiwandani. Mdogo wake Ognjen, mwenye miaka minne, alikuwa amelala chumbani. Saa kumi rafiki wa Senka alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, na nywele za Senka zilinuka moshi.

"Bibi, niwashe hita nioge?"

"Oveni inawaka, mwanangu. Hita na oveni havikai pamoja kwenye waya wa nyumba hii. Subiri hoho ziishe."

"Lakini Bibi, magunia mawili!"

"Basi nenda hivyohivyo. Leo mji mzima wa Leskovac unanuka hoho, nani atakutambua?"

Senka hakucheka. Bibi alipotoka uani kuchukua hoho nyingine, yeye alibonyeza swichi ya hita. Dakika chache hazikupita, ta! Taa ya oveni ikazimika na friji ikanyamaza.

Boksi la fyuzi lilikuwa ukutani kwenye korido. Fyuzi zake zilikuwa za zamani, za kauri nyeupe, zinazofunguliwa kwa kuzungushwa. Senka alimkumbuka marehemu babu yake: kila fyuzi ilipoungua, aliitoa, akaifunga kwa uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele, akairudisha. Kwenye droo yake bado kulikuwa na kipande cha waya. Senka aliwaza kwamba kama uzi mmoja huungua, sita zilizosokotwa pamoja hazitaungua. Alichomoa nyuzi sita kwenye waya, akazisokota, akaifunga fyuzi na kuirudisha. Umeme ukarudi.

"Umeme ulikatika?" Bibi aliuliza alipoingia na ndoo.

"Sijui, Bibi," alijibu Senka, akainamia hoho zake.

Baada ya nusu saa alipita koridoni kwenda kutazama kama maji yamepata moto. Bega lake liligusa ukuta, akashtuka. Ukuta ulikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Chini ya boksi la fyuzi rangi ilikuwa imevimba, na kulikuwa na harufu ya plastiki inayoungua. Alikimbia kuzima hita, kisha akarudi kuifungua ile fyuzi. Kauri ilimchoma vidole, akaiachia.

Upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipoegemea kitanda cha Ognjen.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao, Mzee Radivoje, fundi umeme mstaafu, amekuja na kisu chake kusaidia kumenya.

"Stamena, leo unazioka hoho au unazichoma ziwe mkaa?" alisema akivuta pua.

"Hoho zangu ziko sawa. Pua yako ndiyo imezeeka."

"Pua yangu ni kijana kuliko mimi."

Wazee walicheka. Senka alisimama kwenye mlango wa jikoni. Akisema, Bibi atajua kwamba alikaidi na kwamba alidanganya. Pengine harufu itakwisha yenyewe, alijiambia. Kisha akasikia kitu kikitatarika ndani ya ukuta, na nyuma yake Ognjen akakohoa usingizini.

"Si hoho!" alipiga kelele. "Ni ukuta! Nilitia nyuzi za waya kwenye fyuzi, nyingi, na ukuta unaungua!"

Mzee Radivoje alitupa kisu mezani. "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Palepale ukutani."

"Stamena, mtoe nje! Senka, usiguse kitu. Nje!"

Yeye mwenyewe alikimbilia swichi kuu iliyokuwa barazani. Nyumba ikawa kimya. Senka aliona kutoka uani jinsi Bibi alivyotoka na Ognjen begani, blanketi likiburutika. Senka akaanza kulia.

Mzee alipowaita ndani, alikuwa ameshabomoa plasta. Waya ulikuwa mweusi, na ganda lake lilipukutika kama mkate ulioungua. Ubao uliokuwa nyuma yake ulikuwa umeanza kugeuka mkaa. Aliumwagia maji, ukafuka moshi, kisha akaketi sakafuni.

"Nyuzi ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sita."

"Ungeweza kufa pale kwenye boksi, unajua? Nani alikufundisha?"

"Nilimwona babu."

Mzee alijifuta masizi mikononi. "Na babu yako nilimfundisha mimi," alisema. "Nilijua si sawa, lakini fyuzi hazikupatikana. Sikiliza, Senka. Fyuzi imetengenezwa iungue yenyewe, ili nyumba isiungue. Ukiizuia, moto unakwenda kutafuta mahali pengine."

"Waya ni kosa lenu watatu," alisema Bibi. "Lakini kunidanganya ni kosa lako peke yako, na nusu saa ile ingetuchukulia Ognjen."

Senka hakwenda kwenye sherehe. Jioni alimngoja mama yake langoni na kumweleza yote, kuanzia swichi ya hita. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akaingia, akautazama ukuta uliobomolewa na kitanda kilichosogezwa katikati ya chumba. Alikaa kitandani.

"Uliogopa kugombezwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Nitakugombeza, na kesho tutakuwa tumeshapatana. Ukiharibu kitu cha umeme au cha maji humu ndani, sema hapohapo, hata kama unatetemeka. Uogope zaidi kunyamaza."

Jumatatu fundi alikuja kubadilisha nyaya zote pamoja na boksi la fyuzi. Mzee Radivoje alisimama nyuma yake siku nzima, akimulika tochi.