Niliona Kasoro, Nikasaini Hakuna

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini, namtazama rafiki yangu anauza jasho langu mbele ya wakubwa… na mimi nikapiga makofi!

Ndiyo, nilipiga makofi. Wewe ungefanyaje? Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amesimama anashangilia.

Ukutani projekta ilikuwa inaonyesha michoro ya simu. Skrini ya kwanza, herufi kubwa. Skrini ya pili, kitufe kimoja tu cha kijani. Skrini ya tatu, mzee anajipiga picha ya uso, basi, kamaliza.

Michoro ile niliichora mimi. Kwa penseli, kwenye daftari langu, mezani kwa mama yangu. Hata ile miwani ya mzee kwenye mchoro ni ya mama, mkono mmoja umefungwa uzi.

Na huyu mwanamke hakuwa hata ameondoa ule uzi!

"Wazo hili," akasema, mkono kifuani, "lilinijia kwa uchungu wa kuona wazee wetu wanavyoteseka kwenye foleni."

Uchungu! Mtu anayepita mlango wa nyuma ili asikutane na hao wazee!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Ofisi yetu ni wakala wa serikali. Tunashughulika na kadi za matibabu za wastaafu. Kila mwaka mzee lazima aje mwenyewe, tumwone kwa macho kwamba yuko hai, tumgongee muhuri. Asipokuja, kadi inafungwa. Bila kadi, hakuna dawa. Walianzisha hivyo kwa sababu kuna watoto walikuwa wanatibiwa kwa kadi za wazazi waliokwisha kuzikwa.

Mimi niko dirisha namba nne. Miaka tisa.

Nimeona wazee wakibebwa mgongoni kuja kuthibitisha kwamba hawajafa. Kuna bibi alizimia mbele yangu, na mzee aliyemfuata akauliza kama anaweza kupita.

Ndipo nikaanza lile daftari. Kila saa ya chakula nilikuwa nakaa kwenye benchi na wazee, nawauliza. Baba unaona herufi hizi? Bibi simu yako ina kamera? Nikachora app nzima, kitufe kwa kitufe. Nikamwambia mama, "Subiri tu, hutapanga foleni tena maisha yako yote."

Mtu mwingine niliyemwonyesha ni mmoja tu. Yuko kitengo cha TEHAMA, ghorofa ya tatu. Tulikuwa tunakula sahani moja, tunaazimana viatu, mpaka ofisi nzima ikatuita Pacha.

"Pacha, niazime daftari wikiendi hii, nikuangalizie kama inawezekana," aliniambia.

Nikampa. Jumatatu akalirudisha.

"Ni zuri, ila serikali haitakubali. Achana nalo."

Kumbe alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa!

Baada ya ule mkutano nilimfuata chooni. Alikuwa anapaka rangi ya mdomo.

"Pacha, umenifanya nini?"

Hakugeuka. Alinitazama kwenye kioo.

"Wewe ni karani wa dirishani. Nani angekusikiliza? Mimi nimeliokoa wazo."

"Umeliiba!"

"Una ushahidi?" Akafunga mkoba wake. "Punguza sauti, mwenzangu. Nitakutafutia kazi kwenye majaribio ya app."

Jamani! Nikasema moyoni, huyu atanitambua!

Nyumbani mama aliniuliza, "Kile kitu chako kimefika wapi?" Nikaona aibu. Nikamjibu, "Wanakitengeneza, mama." Akafurahi hadi akapiga vigelegele peke yake jikoni. Sikuwa na moyo wa kumwambia ukweli.

Miezi mitano ikapita. Kweli nikaitwa kwenye majaribio. Nikapewa simu moja, kadi mbili za mfano, na fomu.

Nikahakiki kadi ya kwanza. Kijani. Safi.

Nikahakiki kadi ya pili kwenye simu ileile. Kijani. Kisha nikarudi kuitazama ile ya kwanza…

AMEFARIKI.

Nikarudia. AMEFARIKI tena! Na chini yake maandishi madogo: Poleni kwa msiba.

Nikaelewa papo hapo. Pacha alikuwa ameiambia app kwamba simu moja ni mtu mmoja. Namba ya simu ikitokea na kadi mpya, basi mwenye kadi ya zamani kafa, simu karithi mwingine. Alidhani ni ujanja wa kukamata wale watoto wadanganyifu.

Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye lile benchi anajua wazee hawana simu moja moja! Mke na mume wana simu moja. Majirani wanne wanatumia ya mjukuu wa mmoja wao. Hilo nililiandika ukurasa wa thelathini na moja, nikalipigia mistari miwili. Nililiandika wiki moja baada ya daftari kurudi, kwa hiyo mwizi wangu hakulipata.

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu: Kasoro zilizoonekana.

Nilishika kalamu. Nawaambia ukweli wangu wote, sikusita hata kidogo. Niliandika "Hakuna." Nikaweka saini, nikaweka na tarehe.

Nikatoka pale najisikia mwepesi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Siku ya uzinduzi ikapangwa Alhamisi, saa nne asubuhi, mgeni rasmi kutoka wizarani. App yenyewe ilifunguliwa kwa umma asubuhi ileile saa kumi na mbili, redio zikatangaza. Nikajisemea ni saa chache tu. Atadhalilika, wataizima, mambo yataishia hapo.

Mkurugenzi akanituma nilete wazee wawili wa mfano, maana dirishani ndiko kwenye wazee. Nilichagua kwa makini kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nilimleta nesi mstaafu na mume wake, dereva mstaafu. Miaka arobaini na mbili ya ndoa, simu moja.

Nikawakalisha mbele kabisa.

Pacha alivaa suti mpya. Nesi akajipiga picha, skrini kubwa ikawaka kijani, ukumbi ukashangilia.

"Sasa na mzee wetu," akasema Pacha. "Baba, simu yako?"

"Si ndiyo hiyo hiyo," mzee akajibu.

Nilimwona Pacha anababaika nusu sekunde. Lakini mgeni rasmi alikuwa anatazama, kamera zinatazama. Akampa mzee simu.

Kijani! Makofi! Kisha jina la mke likabadilika pale ukutani, herufi kubwa kama nilivyochora mimi: AMEFARIKI. Na chini yake: Poleni kwa msiba.

Makofi yakakatika.

"Amefariki nani?" mzee akauliza. "Mke wangu huyu hapa nimemshika mkono!"

"Mimi nimekufa?" nesi akashtuka. "Saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mgeni rasmi akafunika uso kwa ratiba. Mkurugenzi alikuwa anatoka jasho hadi kwenye tai. Na Pacha wangu… rimoti imemponyoka, anabonyeza hewa!

Utamu nilioupata pale siwezi kuwaficha. Nilimtazama mpaka macho yetu yakakutana, nikampigia makofi. Taratibu. Matatu.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Mama.

"Mama, niko kwenye sherehe…"

"Mwanangu, niko zahanati." Sauti yake ilikuwa chini, ya kuchoka. "Nimekuja kuchukua sindano zangu za sukari. Nesi wa hapa anasema kadi imefungwa."



"Imefungwa kivipi? Mama, umefanya nini asubuhi?"

"Nimejihakiki kwenye ile app yako! Redio imesema tu, nikaifungua. Halafu nikawaita majirani wote wasio na simu, nikawahakiki na wao. Kumi na mmoja! Nikawaambia kitu hiki amekitengeneza mwanangu." Akahema. "Sasa nesi anasema mimi ni marehemu. Hebu mweleze. Sindano ya mwisho nilichoma jana asubuhi, na kichwa kinazunguka…"

"Mama?"

Nikasikia kiti kinaanguka. Nikasikia mtu anaita, "Mama! Mama!" Haikuwa sauti yangu.

Sikumbuki nilivyofika jukwaani. Nakumbuka nimemshika Pacha mabega.

"Zima! Zima app sasa hivi! Funguo za mfumo unazo wewe, mrudishe mama yangu!"

"Kwani mama amefanyaje?"

"Umemuua! Tumemuua! Rudisha kadi yake!"

Alikaa chini palepale kwenye ngazi za jukwaa na kompyuta magotini. Nikamtajia namba ya kadi, naijua kwa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinakosea, vyangu vikamsaidia. Dakika sita. Ndizo dakika ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi.

Kijani.

Mama alilazwa siku nne. Alipona.

Kamati ya uchunguzi ilipokaa, nilienda na daftari langu kifua mbele. Ukurasa wa thelathini na moja niliuwekea alama. Wakasoma, wakaamini. Pacha akakubali kwamba aliiba. Nikadhani nimeshinda.

Kisha mwenyekiti akasogeza karatasi moja mezani.

"Na hii saini ni ya nani?"

Hakuna. Mwandiko wangu, saini yangu, tarehe yangu.

Pacha alinigeukia. "Mimi nilikuwa sijui," akasema. "Wewe ulijua."



Yeye aliondolewa kitengoni. Mimi nilitolewa dirishani nikapewa barua ya onyo, simu ya mezani, na orodha ya wazee mia mbili na sita waliouawa na app asubuhi ile. Nimpigie kila mmoja, nimwambie: samahani, kumbukumbu zetu zilikosea, uko hai.

Mzee mmoja aliniuliza, "Na wewe nani kakwambia?"

Wenzangu mnaosoma, sijawaambia msameheane. Pacha sijamsamehe, na nikimkuta njiani navuka barabara. Ila kama unataka kulipiza, mlipize mtu ana kwa ana, yeye peke yake. Ukikipitisha kisasi chako kwenye kazi ya watu, hujui kitaingia nyumba ya nani.

Mama nilimweka wa mwisho kwenye orodha. Tangu atoke hospitali nilikuwa namletea dawa, anapokea, hasemi kitu. Kamati ilikuwa imemhoji. Alijua kila kitu.

Nikapiga.

"Mama, napiga kutoka ofisini. Samahani, kumbukumbu zetu zilikosea. Uko hai."



"Alikosea nani?" akauliza.

Nilishika ile simu kwa mikono miwili.

"Mimi, mama. Niliona, nikanyamaza."

Nikamsikia anahema.

"Haya," akasema. "Ukitoka kazini uje na daftari. Majirani wote kumi na mmoja watakuwa hapa. Hayo maneno utayarudia mbele yao."