Niende kwa Nani?

Jeli ilikuwa ya moto. Mpimaji wa ultrasaundi aliigusa tena kwa kidole, akashangaa, maana chumba kile kilikuwa na baridi siku zote. Hata hivyo akampaka mgonjwa tumboni, akaanza kutafuta.

Mgonjwa alikuwa mke wa fundi saa, mwembamba, tumbo limemtoka upande mmoja. Mama mkwe wake alisimama kando, ulimi wake ukiwasha kama upupu.

"Mjukuu hajaniletea, leo kaniletea upepo tumboni," alisema. "Mtazame vizuri. Mwanangu ataoa mwingine."

"Mama, tafadhali," mpimaji alisema.

Uvimbe ukaonekana kwenye ovari ya kushoto, mweusi, mkubwa kuliko ngumi. Mpimaji akabonyeza ili picha itulie aupime. Haikutulia. Uvimbe ulijigeuza taratibu, kama mtu aliyeamshwa, ukamtazama.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Kwenye spika ya mashine, ile inayosikilizisha damu ikipita, ikatoka pumzi, kisha sauti nzito, ya karibu, kana kwamba msemaji amemwekea kila mmoja midomo sikioni, na mpimaji akataka kuondoa mkono lakini kifaa kilikuwa kimenata kwenye ngozi, na taa zikawa zinafifia, na mama mkwe akawa anauvuta mlango usiofunguka, na ile sauti ikazidi kuuliza bila haraka:

"Mmeniona. Sasa nahama. Niende kwa nani?"

"Usimjibu," mpimaji alinong'ona. "Dada yangu, nakusihi. Utafanyiwa upasuaji, utapona."

Mgonjwa hakumsikia. Alikuwa amemkazia macho mama mkwe.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, jina ambalo hakuwahi kumwita. "Mwanangu, mimi si mama yako?"

Mgonjwa akamnyooshea kidole.

Taa zikawaka. Kwenye kioo cha mashine, ovari ilikuwa ndogo, safi, haina kitu. Mgonjwa akajifuta, akavaa viatu, akamruka mama mkwe aliyekuwa ameanguka mlangoni, akatoka bila kuaga.

Mpimaji alimwinamia yule mama. "Mama, unanisikia?"

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa kwamba anasikia. Machozi yalimtiririka, midomo ameibana kwa viganja vyote viwili. Chini ya gauni, tumbo lake likasogea kama mtu anayejitengenezea mahali pa kulala.

"Hapa pamejaa chuki," ilisema sauti kutoka humo ndani, imeridhika. "Hapa sihami."