Jeneza Lisilo na Waliaji

Peugeot 504 ilikohoa, ikazima katikati ya barabara ya Kombewa.

Petroli imekwisha.

Nakhungu aliupiga usukani ngumi. Jasusi wa serikali, Browning kiunoni, amekwama kando ya shamba la mtama kwa sababu ofisi ya Nairobi ilimpa nusu tangi. Kubana matumizi, walisema. Hata risasi alipewa tatu tu, na pingu hakupewa kabisa.

Mbele, Land Rover nyeupe ilitokomea kwenye vumbi, jeneza likiwa nyuma. Hamkuwa na maiti ndani. Mlikuwa na kwinini iliyotolewa stoo ya hospitali asubuhi hiyo, ikipelekwa ziwani kwa mnunuzi wa kigeni aliyesubiri na boti ya Yamaha.

Mwenye mzigo, aliyeketi mbele kando ya dereva, alikuwa Bwana Wasike, mkubwa wa Wizara ya Afya.

Ndiye yule yule aliyetumwa mwaka huo wa 1993 kuwaambia wananchi kwamba nakisi ya serikali imezidi, wafadhili wamenuna, kila mtu afunge mkanda. Alifyeka bajeti ya dawa kwa kalamu, kisha akaiba kidogo kilichobaki. Wodini watoto walilala watatu kitanda kimoja wakitetemeka kwa malaria, na mama zao wakaambiwa wakanunue dawa dukani. Mshenzi mkubwa. Tumbo lake lenyewe halikujua kubanwa.

Nakhungu alinyakua redio yake ya mkononi, Motorola, akajitaja kwa jina lake la kijasusi.

"Mbuta kwa Kituo. Sina mafuta. Nipeni gari."

"Hakuna gari, Mbuta. Bajeti."

Alitukana kwa Kibukusu, akasimamisha baiskeli ya muuza mkate na kurukia nyuma. Mzigo ukivuka maji leo, wodini watazika.

Kabla hawajafika sokoni, akasikia vilio.

Wasike alikuwa amepanga kila kitu: jeneza zuri, msalaba, dereva mwenye suti nyeusi. Kitu kimoja tu alikikata ili kupunguza gharama. Hakukodi waliaji. Na huku Seme hakuna gari la maiti linalopita kimya kama limebeba saruji. Wanawake wa soko waliliona, wakaacha samaki wao na kuifunga barabara. Ikiwa marehemu hana watu, wao watakuwa watu wake.

Nakhungu alipofika, Land Rover ilikuwa imezingirwa. Muuza samaki mmoja, Benta, alikuwa ameweka mkono juu ya jeneza, machozi yakimtoka kwa mtu asiyemjua.

"Mzee, huyu ni mtoto wa nani?" alimwuliza Wasike. "Mbona anaenda peke yake hivi? Fungua tumwone uso, tumlilie vizuri."

Wasike alisema marehemu ni Ochieng, wa hapa hapa Seme.

"Wa hapa? Sasa mbona mnampeleka ziwani? Kwao si huku?"

Wasike alimkonyeza dereva. Dereva akaingiza mkono ndani ya koti.

Nakhungu alifyatua kwanza.

Bastola ya dereva ilianguka, naye akapiga magoti akiushika mkono wake. Wanawake walitawanyika, wote isipokuwa Benta. Nakhungu aling'oa kifuniko kwa spana ya magurudumu.

Maboksi.

Benta aliacha kulia. Alisoma maandishi polepole, midomo ikitembea.

"Hii ndiyo dawa walisema imeisha," alisema. "Perez yuko wodi tangu Jumapili. Nyathina. Mtoto wangu."

Alimtemea Wasike mate kwenye tai, na hakuna aliyemzuia.

Nakhungu alimvua Wasike mkanda, akamfunga nao mikono. Suruali ikaanza kuteremka. Polisi wa soko walipokuja kuwachukua hao wawili, habari zilikuwa zimefika kutoka ufuoni: wavuvi walikuwa wamesikia ya jeneza, wakamtoa yule mgeni kwenye boti yake.

Nakhungu alitoa taarifa kwa Kituo. Redio ikakoroma.

"Vizuri, Mbuta. Leta maboksi yote Nairobi. Ni ushahidi."

Nakhungu aliujua ushahidi wa Nairobi. Huingia stoo, na stoo ina mlango wa nyuma.

"Nitaleta boksi moja, mkuu, likiwa tupu. Mengine yanarudi wodini sasa hivi."

"Hiyo ni amri, Mbuta!"

"Betri inaisha."

"Betri? Kwa nini huna ya akiba?"

"Bajeti, mkuu."

Akazima. Akampandisha Benta nyuma ashikilie kifuniko cha jeneza, akaingia kwenye Land Rover ya Wasike na kuigeuza kuelekea hospitali. Tangi lilikuwa limejaa hadi juu.