Wanatakiwa Mke na Mume

Mwaka huo theluji ilishuka mapema katika kijiji cha Val-Sorène, milimani Ufaransa, na ilishuka bila adabu. Mbwa wa padri alipotea siku mbili. Alipopatikana alikuwa amejilaza juu ya paa la kanisa, akidhani ni barabara. Anayebisha akamuulize mbwa.

Ukumbi wa kijiji ulikuwa umefurika, siku ya waajiri, hata madirisha yakatoka jasho. Kila mtu alitaka kazi ya majira ya baridi, na kazi yenyewe ije na kitanda, kwa maana kupata chumba cha kupanga katika bonde lile ni sawa na kumkamua kuku maziwa.

Perrine Le Goff alipita meza baada ya meza, viatu vyake vizito vya kutelezea theluji vikigonga sakafu ko! ko! ko! Alikuwa ameteremka moja kwa moja kutoka mlimani, koti lake la rangi ya chungwa lina viraka kwenye viwiko, nywele nyekundu kazisuka mikia miwili, pua imebabuka kwa jua. Huu ulikuwa msimu wake wa sita wa kuishi kwa ajili ya theluji: kuosha vyombo, kutandika vitanda, lolote lile, mradi mchana ateleze. Lakini safari hii alichelewa. Siku tisa alikuwa analala ndani ya kigari chake, na asubuhi hiyo mswaki uliganda kikombeni ukagoma kutoka. Asipopata kitanda leo, kesho anarudi Bretagne kwa mama yake, kufungasha dagaa kiwandani.

Ilibaki meza moja. Nyuma yake alikaa Bi. Berthollet, mjane mwenye hoteli ya vyumba vinane, miwani ikining'inia kwenye ncha ya pua. Kibao chake kilisema: WANATAKIWA MKE NA MUME. MPISHI NA MHUDUMU. CHUMBA KIPO.

"Wewe ni mke wa nani?" aliuliza yule mama.

Perrine alikisoma kibao tena. Wakati huohuo kijana mrefu mwenye koti refu la sufu na viatu vya mjini, visivyoijua barafu hata kwa jina, aliteleza pale kwenye maji ya mlangoni, akaserereka hatua saba, akamdaka Perrine kiunoni asianguke.

"Wa huyu," alisema Perrine.

Kijana alimtazama. Akakitazama kibao. Naye alikuwa ametoka Lyon na visu vyake vya upishi na kikaango kwenye mkoba, na hakuwa na pa kulala.

"Anaitwa nani?" aliuliza Bi. Berthollet.

"Mwambie mwenyewe, mpenzi. Mimi nikilitaja jina lako naona haya."

"Lubin Charvet, mama. Na huyu ni..." Akameza mate. "Huyu ni ua langu."

"Ua halina jina?"

"Perrine," alisema ua, akimkanyaga mguu.

Walipewa kazi. Kifungua kinywa saa moja juu ya alama, chakula cha jioni saa moja, katikati ya hapo wapo huru. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Usiku wa kwanza Perrine alilaza skii zake, zile mbao mbili ndefu za kutelezea, katikati ya godoro.

"Hapa ni mpaka. Ukivuka, sina la kusema, ncha zake zimenolewa."

"Sivuki," alijibu Lubin. "Ila wewe unakoroma kama trekta, na sauti haijui mpaka."

Mbele ya wageni waliishi kwa adabu ya kupigiwa mfano. Naomba chumvi, tafadhali. Asante sana, mpenzi. Pole na kazi. Bi. Berthollet aliwatazama juu ya miwani.

Mchana Perrine alimfundisha Lubin kuteleza. Huyu kijana alianguka kwa namna ambazo mlima haujawahi kuziona. Siku moja simu ya Perrine ikalia.

"Uko wapi, mke wangu?"

"Kileleni. Na wewe?"

"Sijui. Naona viatu vyangu, na juu ya viatu naona mbingu."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimepumzika kwa haraka."

Perrine alicheka hadi machozi yakaganda. Alipomfikia, alimkuta na kipande cha keki ya karanga mfukoni, amemtunzia, kimepondeka lakini bado kina joto la mwili wake. Siku hiyo moyo wa Perrine uliteleza, nao haukuwa umevaa skii.

Kisha ikaja Januari, na asubuhi moja mita nzima ya theluji mpya. Wazururaji wa theluji, wale wanaoishi kama Perrine kwa ajili ya kuteleza tu, wana sheria moja, nayo hawajaiandika popote: siku ya theluji mpya hakuna rafiki. Hakuna anayemngoja mwenzake. Saa moja kasoro robo, mikate ikiwa bado ndani ya tanuri, Perrine alibeba skii zake akaondoka kwa mlango wa nyuma. Alirudi saa nane mchana, anaimba.

Lubin alikuwa jikoni anakunja visu vyake kwenye kitambaa, kimoja kimoja.

"Unafanya nini?"

"Naondoka. Kitanda kinaondoka."

"Kitanda gani?"

"Simu yako ilinipigia yenyewe kutoka mfukoni. Wenzako walikuuliza mumeo yuko wapi. Ukasema, 'Nani, Lubin? Ah, yule ni kitanda tu, jamani.' Nilikuwa na mayai arobaini jikoni na wageni ishirini mezani, Perrine. Nikasikia neno kwa neno."

Perrine alihisi uso unawaka. Akiondoka huyu, kazi ya watu wawili imekwisha, na kitanda, na majira yote ya baridi. Badala ya kuomba radhi, alilipuka.

"Na unaondoka na kikaango changu!"

"Changu! Nimekuja nacho kutoka Lyon!"

"Nani anakisugua kila siku?"

"Unakikwaruza, hukisugui! Na leo hukuwepo!"

"Nilikosea! Unataka nipige magoti kwenye maganda ya mayai?" Alitupa glavu chini. "Ningewaambia nini wale? Wangenicheka mpaka Pasaka! Mzururaji husema anaipenda theluji. Hasemi anampenda mpishi asiyejua hata kusimama!"

Mlangoni alikuwa amesimama Bi. Berthollet.

Perrine alimgeukia. Angeweza kunyamaza. "Mama, huyu si mume wangu. Nilikudanganya. Nifukuze mimi, kigari changu kipo. Yeye mwache, anapika vizuri."

"Nilijua tangu Desemba," alisema yule mama. "Mke na mume gani wanaombana chumvi kwa 'tafadhali'? Nilipanga kuwatoa Jumatatu. Lakini leo nimesikia kelele hizi tangu ghorofa ya pili, na moyo wangu umesuuzika. Mimi na marehemu tulivunja sahani mia nne. Kesho saa moja, mayai mezani." Akaondoka zake.

Lubin alibaki ameshika kikaango.

"Asiyejua hata kusimama?"

"Ndiyo."

"Lakini unampenda."

"Usinilazimishe kurudia, nina aibu."

Lubin akakitundika kikaango ukutani.

Usiku theluji ikashuka tena, mita na nusu. Asubuhi wazururaji wote walikimbilia mlimani, wakapiga filimbi chini ya dirisha. Perrine akapeleka mayai mezani, meza baada ya meza, bila kutazama nje. Saa nne yeye na Lubin walipopanda, waliwakuta wenzao wamekaa juu ya viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, wanazungushwa juu na chini, wanatetemeka: mteremko mkubwa ulikuwa umefungwa kwa kamba, kwa hofu ya poromoko la theluji. Ukafunguliwa pale pale walipofika wao, na waliokuwa mbele ya kamba ni wao wawili tu, wengine wakiwa bado wananing'inia vitini.

Wakashuka. Lubin alianguka mara kumi na sita, ya mwisho akazama hadi masikioni. Perrine alisimama juu yake, viti vya waya vikipita vimejaa watu anaowajua.

"Jamani!" alipaza sauti. "Nampenda mpishi! Lubin Charvet, utanioa?"

Lubin kinywa kilijaa theluji, hakuweza kutamka. Akainua fimbo zake zote mbili za kutelezea juu: ndiyo, mara mbili. Mwendesha viti akasimamisha mitambo, na watu sitini wakaning'inia angani dakika nzima wakipiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyelalamika baridi.