Jina Lililofutwa Mara Tatu

"Spana ni jasusi. Mmalizeni."

Sindano aliyasoma maneno hayo ya mkuu wa wauza silaha saa saba na nusu mchana, sekunde tano kabla hayajafika ghala la tisa.

Sekunde tano. Hizo alijitengenezea mwenyewe. Kila ujumbe wa wauza silaha wale ulipita kwanza kwenye skripti yake, programu ndogo aliyoiandika kwenye kompyuta, ukabadilishwa neno, ndipo ukaenda. Asubuhi aligeuza "ghala la nne" kuwa "ghala la tisa", na lori likajipeleka lenyewe mtegoni. Raha iliyoje!

Ila dereva wa lori hilo, Spana, alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na sasa mkuu alidhani ndiye aliyelipeleka huko kusudi.

Muda ulitosha neno moja tu. Tafuta: Spana. Weka: hakuna kitu.

Ujumbe ukapita bila jina.

"Nani, mkuu?" wakauliza ghalani.

"Spana!"

Kule ikafika alama ya mshangao peke yake.

"Mkuu, hatukuelewi."

Sindano akanyakua redio ya polisi. "Ingieni sasa hivi!"

"Dakika tatu," akajibu kamanda kutoka nje ya ghala. "Tunakata mnyororo wa geti."

"Tatu? Jamani, watamuua!"

Bastola yake, Glock 19, ilikuwa mezani. Kilomita arobaini kutoka ghalani, ilikuwa chuma tu. Simu za madereva nazo wale jamaa huzikusanya kwenye ndoo kabla ya kila kazi. Hakuwa na njia yoyote ya kumwambia kaka yake akimbie.

"SPANA! Mna wazimu nyie?"

Likafutika tena. Wakauliza tena. Sindano alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

Kisha mkuu akaandika: "Aliyeendesha lori, wapumbavu!"

Skripti hubadilisha neno uliloiambia. Hili hakuiambia. Akaandika, akakosea. Akafuta, akakosea tena. Ee Mungu wangu!

Ujumbe ukapita mzima.

"Sawa, mkuu."

Akakaa akiitazama skrini. Hakukuwa na la kubadilisha.

Redio ikakoroma. "Tumeingia. Bunduki mia mbili, zote tumezikamata. Hongera, Sindano!"

"Kaka yangu?"

Sindano akaongeza sauti ya redio.

"Pole sana, dada. Tumechelewa."

Akafunga kompyuta. Akachomeka bastola kiunoni, akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi taratibu.

"Leo umewahi kutoka," mlinzi akamtania mlangoni.

"Kazi imeisha."

Barabarani simu yake ikaita. Mama.

Aliiacha iite mpaka ikakatika.