Amina Mia Moja na Picha ya Chakula

Mama Bayu hakuwa mtu wa kula chakula kikiwa moto. Kwanza alipiga picha.

Kila siku saa sita, mapumziko yalipofika, wafanyakazi wa ghala la Jeffersontown waliacha maboksi na kukaa mezani. Kila mtu alifungua bakuli lake na kula mbio mbio, maana nusu saa haikawii kwisha. Mama Bayu alisogeza bakuli lake huku, akalisogeza kule, akafuta ukingo kwa kitambaa, kisha akatoa simu.

Kampire alikaa mbele yake na kutikisa kichwa. Mtu mzima kabisa, mtoto wake amekwisha kuoa, na bado anapiga wali picha.

Kampire alitoka milima ya juu ya Kivu Kusini, nchi ya Congo. Alikaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa mji wa Louisville, Marekani, pamoja na mumewe Rutebuka. Mama Bayu alitoka Semarang, mji wa Indonesia. Jina lake hasa lilikuwa Sulastri. Wote wawili walipanga mtaa wa Okolona, mlango ukitazamana na mlango, na walikwenda kazini kwa gari moja. Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza, lakini walielewana. Tena kwao wote mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Basi Kampire alimwita jirani yake Mama Bayu, naye akaitwa Mama Mizero.

Siku moja Kampire alishindwa kuvumilia. Akamwuliza hizo picha zote anazipeleka wapi. Mama Bayu akamwonyesha blogu yake, yaani ukurasa wake mwenyewe kwenye mtandao. Miaka tisa alikuwa akiandika humo kwa lugha ya kwao. Aliandika namna ya kukaanga samaki. Aliandika jinsi theluji ilivyomtisha mara ya kwanza. Aliandika jinsi alivyoanguka mtihani wa udereva mara tatu, bila aibu yoyote. Na chini ya kila habari, watu walimjibu. Huyu yuko Semarang, huyu Hong Kong, huyu Uholanzi.

Kampire alistaajabu. Mwanamke huyu anayefunga maboksi pamoja naye, anayevaa fulana ile ile ya manjano, anasomwa ng'ambo ya bahari!

Mama Bayu alimweleza kwamba kwao hilo ni jambo la kawaida. Muuza mboga huweka kwenye Facebook mboga za leo. Mafuriko yakija, watu huandika ni mtaa gani maji yamefika magotini, ili wengine wapite njia nyingine. Na watu waliojuana kwa kuandikiana tu hupanga siku ya kukutana uso kwa uso. Mkutano huo huuita kopi darat, yaani kahawa ya nchi kavu.

"Na hamuogopane?" Kampire aliuliza.

"Tunaogopa," alisema Mama Bayu. "Kwa hiyo tunachagua. Chakula changu nakitangaza. Nyumba yangu na karatasi zangu, hapana."

Kampire aliyasikia, lakini hayakumwingia. Wiki ileile Mama Bayu alipika gado-gado, mboga za kuchemsha zenye mchuzi mzito wa karanga, akamkaribisha nyumbani. Akaomba ruhusa ya kumpiga picha. Kampire akakubali. Lo, alipoiona picha yenyewe! Amevaa kitenge cha ndege wekundu alichopewa na mama yake, shavu limejaa chakula, mchuzi uko kidevuni. Alinuna siku mbili. Alimwambia mumewe kwamba ametangazwa dunia nzima akitafuna.

Sasa, mama yake Kampire, bibi Nyirabeza, aliishi Buffalo, mji wa kaskazini, kwa binti yake mdogo, Uwera. Mwezi wa sita mwaka 2015 akasema anataka kuhamia Louisville, kwa maana theluji ya Buffalo imemchosha mifupa. Uwera hakuweza kuacha kazi amsindikize. Akamkatia tiketi ya basi. Basi lingepita Columbus, mji wa Ohio, lisimame kidogo, kisha liendelee. Bibi hakutakiwa kubadilisha basi. Hakutakiwa kufanya lolote ila kukaa.

Hawakumwambia mtu mwingine yeyote. Hiyo ilikuwa desturi yao. Kule milimani, aliyetangaza safari yake aliweza kuviziwa njiani. Watu walizoea kufunga mdomo mpaka mgeni aingie mlangoni. Bahari walivuka, mazoea hayakubaki nyuma.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni, Kampire na Rutebuka walisimama kituoni Louisville. Jua lilikuwa bado juu. Basi likaingia. Watu wakashuka mmoja mmoja. Bibi Nyirabeza hakushuka.

Kampire akapiga namba ya mama yake. Simu ikaita ndani ya basi. Dereva akatoka akiwa ameishika mkononi pamoja na mfuko wa kitambaa. Akasema ameikuta kwenye kiti. Labda mwenyewe alishuka Columbus wakati wa kusimama, akakosea njia ya kurudi. Saa nne zilikuwa zimepita tangu hapo.

Kampire aliuchukua ule mfuko. Ndani mlikuwa na sweta, Biblia na ndizi mbili. Akakaa sakafuni. Mama yake hakujua Kiingereza hata neno la kuombea maji. Alikuwa peke yake, mkono mtupu, katika mji ambao hakuna mtu anayemjua.

Rutebuka akapiga simu kituo cha Columbus. Ikajibu sauti ya mashine ikitaka abonyeze namba hii, abonyeze namba ile. Walipofika nyumbani, Kampire akafanya lililomjia kichwani. Picha ya mama yake iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya kwenye nakala ya karatasi yake ya ukimbizi. Kambini ulionyesha karatasi upate chakula, ulionyesha karatasi upate dawa. Karatasi ndiyo iliyokuwa sura yako. Akaipiga picha nakala yote, jina, tarehe ya kuzaliwa na namba, akaiweka kwenye Facebook watu wote waione. Akaandika: "Mama yangu amepotea. Muniombee."

Watu walijibu upesi. Amina. Amina. Mungu amulinde. Amina. Katika nusu saa zilifika amina mia moja na zaidi. Kisha mtu mmoja, ambaye labda hakusoma vizuri, akaandika: "Apumzike kwa amani." Wengine wakamfuata. Uwera akapiga simu kutoka Buffalo akilia kilio cha msiba, akiuliza kwa nini anaambiwa kifo cha mama yake na Facebook badala ya wazee wa kanisa.

Kampire naye akalia kwa sauti, na kilio hicho ndicho kilichomleta Mama Bayu. Aliingia bila kubisha, mkono una unga. Alisikiliza. Akachukua simu ya Kampire, akatazama ile karatasi, akashika kichwa.

"Futa hii sasa hivi," alisema. "Mwizi hahitaji zaidi ya hapa. Kesho atakuwa yeye ndiye mama yako."

Kampire akafuta. Mama Bayu akamwambia Rutebuka apige simu polisi wa Columbus kwanza, kabla ya jambo lolote, aombe mkalimani wa Kiswahili. Polisi wakaandika maelezo, wakaahidi kutuma mtu. Kisha Mama Bayu akavuta kiti.

"Umeandika amepotea," alisema. "Wapi?"

Kampire akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Hakuwa ameandika wapi.

Mama Bayu akauliza tena, taratibu, kama anayempimia mtoto nguo. Saa ngapi? Amevaa nini? Anasikia lugha gani? Kuna picha yake ya hivi karibuni? Uwera akatuma moja aliyoipiga asubuhi ileile mlangoni: bibi amevaa kitambaa cha bluu kichwani na koti la kijivu. Mama Bayu akaandika mistari sita tu. Kituo cha basi Columbus. Kuanzia saa nane mchana. Kitambaa cha bluu. Anasema Kiswahili. Usimvute mkono, ataogopa. Piga namba hii moja. Akaiweka kwenye blogu yake na kwenye kundi la Waindonesia wanaoishi Ohio. Kwenye ukurasa wa Kampire akaiandika hiyohiyo kwa Kiingereza, Kampire akaitia Kiswahili.

Dakika ya nne, simu ya Mama Bayu ikalia. Alikuwa mwanamke anayeitwa Ratna, wa Columbus. Alisema yuko dakika kumi kutoka kituoni, na kwamba amekwisha washa gari.

"Ni ndugu yako?" Kampire aliuliza.

"Sijawahi kumwona," Mama Bayu alijibu. "Ananisoma miaka sita."

Kampire alimtazama mwanamke huyu mwenye unga mikononi. Mtu asiyejulikana kwa sura alikuwa anakimbia njiani kwa ajili ya mama yake, kwa sababu ya mapishi ya samaki.

Ratna alimkuta bibi nyuma ya kituo, kwenye benchi ya mwisho. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye karatasi yake. Kila aliyepita alimwonyesha karatasi, na kila aliyepita aliitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Ratna akampa simu azungumze na mwanawe. Bibi akaukaza mkono wake kifuani. Uwera alikuwa amemwonya asipokee kitu chochote kwa mtu asiyemjua.

Hapo Ratna hakumlazimisha. Alikaa mwisho wa benchi. Akafungua blogu ya Mama Bayu, akarudi nyuma wiki tatu, kwenye habari ya gado-gado na jirani aliyekaribishwa, akaigeuza simu ili bibi aone. Kampire alikuwa pale, shavu limejaa, mchuzi kidevuni, na kitenge cha ndege wekundu.

Bibi aliinama. Akagusa kioo kwa kidole. Kitenge kile alikichagua yeye mwenyewe. Akanyoosha mkono na kuipokea simu.

"Kampire," alisema, "huyu mama ni wa nani?"

Kampire alikuwa akilia hata sauti haitoki vizuri.

"Ni wa kwetu, mama. Enda naye."

Kitu cha kwanza alichofanya Mama Bayu baada ya hapo kilimshangaza Kampire. Alirudi mtandaoni akaandika: amepatikana, ni mzima, asanteni, msimtafute tena. Akaondoa picha ya bibi na ile namba ya simu, akamwambia Rutebuka awaarifu polisi. Akasema tangazo lisilofungwa linaweza kuzunguka mwaka mzima, watu wakimtafuta bibi aliye nyumbani anakunywa chai.

Bibi alilala kwa Ratna. Jumapili alfajiri Rutebuka aliwapeleka Kampire na Mama Bayu Columbus. Mama Bayu na Ratna walikumbatiana mlangoni wakacheka mpaka wakatoa machozi. Hiyo ndiyo ilikuwa kahawa yao ya nchi kavu, baada ya miaka sita. Bibi alikuwa jikoni, ameketi, amefunikwa shali ya Ratna, anakula ndizi za kukaanga. Kampire alipiga magoti akamshika miguu, wala hakuona aibu.

Kabla ya mchana akaja mgeni mwingine, Béatrice, mama wa milima ileile ya Kivu. Alikuwa amelisoma tangazo la pili, lile la Kiswahili, akachelewa kidogo tu.

"Tangazo la kwanza niliandika amina," alisema kwa huzuni. "Donc, yaani, nilikuwa nimekaa nyumbani, dakika kumi na tano na kituo. Ungeandika Columbus, ningetoka na miguu."

Kampire hakumlaumu. Alijua kosa ni la nani. Waliofunga mdomo ni wao wenyewe, na msaada ulikuwa mtaa wa pili.

Siku ile mezani kwa Ratna walianzisha kundi la WhatsApp la akina mama wa Louisville, Columbus na Buffalo. Haliko wazi kwa kila mtu. Anayeingia lazima ajulikane na mmoja wao. Mzee akisafiri, kundi huambiwa basi gani, saa ngapi, nguo gani, na ni nani atamngoja kila mahali basi linaposimama. Na akifika salama, mtu huandika: amefika. Desturi ya kutotangaza safari haikuvunjwa. Ilipata mlango, na mlango una mlinzi.

Mwaka uliofuata, mzee mmoja wa kwao, Gatsinzi, alipopita Louisville kwenda Buffalo, mtu aliyekuwa kituoni na chupa ya chai ni Kampire. Alimjua kwa kofia.

Na bibi Nyirabeza? Yuko Okolona, ana afya. Chakula kikiletwa, yeye hukifunika kwa mkono mtu asiguse.

"Bon, haya, ngojeni kwanza," husema. "Mama Bayu apige picha. Na mimi niwe ndani, nikitafuna."