Salamu Chini ya Futi Elfu Saba

"Mzigo usitue."

Sauti ya mkubwa wake wa kazi ilikwaruza kutoka redio ya Motorola iliyofichwa ndani ya kikapu. Priscilla akainama karibu nayo. Wenye magendo walimjua kama mama mpishi, na leo walikuwa wamempa redio yao na kumweka juu ya mwinuko, nje ya Kajiado, awaongozee ndege. Hawakujua kwamba alikuwa askari kanzu.

"Askari wa GSU wako wapi?" akanong'ona.

"Wamekwama Isinya. Daraja limesombwa."

"Mwenzetu Hanad yuko ndani ya hiyo ndege."

"Tunajua."

Priscilla akafunika kikapu.

Chini yake, kando ya uwanja wa ndege wa murram, wanaume wenye AK-47 walingojea Cessna 206. Ilibeba makombora ya kutungulia ndege za abiria. Yeye alikuwa na bastola moja ya Ceska. Mvua ya Mei 1998 ilikuwa imetandaza ukungu mpaka kilima cha ng'ambo hakionekani.

Redio ya pili, ile ya wenye magendo, ikaita. Rubani, Kakuta.

"Yeyo, mama yangu, naanza kushuka. Nitasimama futi elfu saba mpaka nione uwanja."

Chini ya elfu saba kulikuwa na kile kilima. Kakuta alikijua. Alihitaji tu kutazama kipima kimo.

Lakini Priscilla naye alimjua Kakuta. Kijana wa Kimaasai aliyelelewa vizuri hamkatizi mama anayemsalimia. Kila swali hujibiwa, na habari mbaya, kama iko, hungoja mwisho.

Bwana, nishike mkono, akaomba. Akabonyeza kitufe.

"Sopa, mwanangu."

"Epa, yeyo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mama yako?"

"Mzima. Ni ule mguu tu."

"Ng'ombe?"

"Wazima. Ile nyekundu ndio imekataa ndama wake, sijui ina maringo gani..."

Akaendelea. Injini ilinguruma ikishuka, ikishuka.

Ndipo sauti nyingine ikaingia. Hanad, aliyejifanya tajiri wa mifugo, alikuwa ameketi kando ya rubani. Mshale wa kipima kimo ulikuwa mbele ya macho yake.

"Na ngamia wangu, mama? Ama hao kwenu si mifugo?"

Kakuta akacheka.

Priscilla akafumba macho. Hanad alikuwa ameelewa, naye alikuwa akimsaidia kurefusha salamu.

"Ngamia wako hawajambo?"

"Hawajambo. Nisalimie Ruqia."

Mngurumo ukapita ndani ya ukungu, chini mno.

Kishindo. Kisha moto, mwekundu, ng'ambo.

Wenye bunduki wakarukia Land Cruiser yao wakatoroka mikono mitupu.

"Mzigo haukutua," akasema kwenye Motorola.

"Safi. Na Hanad?"

Akaizima. Akapangusa tope viatuni, akajitwika kikapu, akatembea kuelekea barabarani bila haraka.

Jioni, maji ya Isinya yalipopungua, alivuka akasimama mlangoni pa duka la nguo, mjini Noonkopir. Ruqia, mke wa Hanad, akamsogezea kiti.

"Karibu, mama. Habari ya nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mbuzi?"

"Wazima."

Ruqia alikuwa ameishi na Wamaasai muda mrefu. Aliuliza mvua, akauliza majani, akauliza kanisa. Priscilla akajibu moja moja, taratibu, akitamani yaongezeke.

Kisha maswali yakamwishia Ruqia.